Plastiki ileile, hukumu mbili: Dow ilishindaje Kanada ikakwama Marekani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina karakana ndogo Morogoro, tunapuliza nailoni za kuanikia mpunga na kufunikia vitalu vya miche. Baada ya kuhangaika miaka miwili nimepata mchanganyiko wa polietilini mbili unaotoa nailoni nyembamba kuliko ya zamani, na haipasuki ovyo. Nataka kuomba hataza, yaani ile haki ya mvumbuzi inayoitwa patent. Lakini nimesoma kwamba kampuni za plastiki za Dow na Nova zilishitakiana kwa plastiki ya jamii hiyohiyo: Kanada Dow ikalipwa mamia ya mamilioni, Marekani mahakama ikasema hataza haieleweki. Inawezekanaje? Na mimi niandike nini ili yasinikute?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa miaka hiyo miwili. Swali lako nimelipenda kwa sababu limegusa pale panapouma kwenye hataza za plastiki. Kabla hatujaingia mahakamani, nenda karakanani ukachukue kipande cha nailoni yako.

Kata ukanda wa upana wa vidole viwili, shika ncha zote mbili, vuta polepole. Mwanzoni inagoma. Halafu inakubali: katikati panakuwa pembamba, pengine panaanza kupauka, na kwa muda unavuta bila kuongeza nguvu. Usiache. Ukiendelea utaisikia mikononi inabadilika tena, inakaza. Kila sentimita inayoongezeka inadai nguvu zaidi, mpaka inakatika. Kinachotokea ndani ni kwamba molekuli za polietilini ni nyuzi ndefu zilizovurugika kama katani iliyotoka kuchakatwa. Ukivuta zinanyooka na kulala upande mmoja, na zikishalala upande mmoja, sasa unazivuta zenyewe. Huko kukaza kwa mwisho, mwendo wa sentimita chache tu, ndiko kulikozipeleka Dow na Nova mahakamani kwa zaidi ya miaka 15, nchi mbili.

Dow ilikuwa na plastiki iitwayo ELITE, Nova ikaleta yake iitwayo SURPASS. Zote ni polietilini za kutengenezea nailoni nyembamba lakini ngumu, za kufungia mizigo na vyakula. Sasa, huwezi kudai polietilini yenyewe kama mali yako, imekuwapo tangu miaka ya 1930. Inabidi useme yako ina nini ambacho nyingine hazina, na kwa plastiki hilo mara nyingi halionekani kwa macho. Rangi ileile, punje zilezile. Tofauti inakaa kwenye namba: uzito wa ujazo, urefu wa molekuli, jinsi inavyotiririka ikiyeyuka, jinsi inavyovutika ikipoa. Kwa hiyo madai ya hataza ya plastiki ni uzio uliojengwa kwa namba. Aliye ndani ya namba anakiuka, aliye nje yuko salama.

Kwenye uzio wake Dow iliweka namba moja iliyoitengeneza yenyewe. Ilichukua mteremko wa mstari wa grafu pale plastiki inapokaza, ikauzidisha na kipimo cha mtiririko kilichopandishwa kwa kipeo cha 0.25, ikasema: jibu lisipungue 1.3.

Hicho kipimo cha mtiririko unakijua, ni ile MFI iliyoandikwa kwenye mfuko wa punje unazonunua. Unatia punje kwenye silinda ya chuma iliyopashwa moto hadi nyuzi 190 za Selsiasi, unaweka pistoni na uzito wa kilo 2.16 juu yake, plastiki inatoka chini kwenye kitundu kama tambi, unaikata na kuipima. Gramu zilizotoka kwa dakika 10 ndiyo namba yako. Angalia jinsi kila kitu kilivyofungwa: joto, uzito, muda, hata ukubwa wa kitundu una kiwango chake. Fundi wa Mwanza na fundi wa Osaka wakipima punje za mfuko mmoja watapata majibu yanayokaribiana. Upande huo Dow haikuwa na shida.

Shida ilikuwa kwenye mteremko. Wewe unaishi chini ya Uluguru, nikikuuliza njia ya kupanda kule ina mwinuko kiasi gani, utanijibu nini? Utapima pale panapotoa jasho kuliko pote? Kipande cha mwisho kabla ya kufika? Au pale njia iliponyooka bila kupinda? Kila jibu ni la kweli na kila jibu lina namba yake. Mstari wa grafu wa plastiki inayokaza ni hivyohivyo, una tumbo, haukunyooka. Wataalamu walikuwa na njia tatu za kupata mteremko wake: moja inachukua mwisho wa mstari, nyingine inatafuta kipande kilichonyooka zaidi, na ya tatu inatumia mstari wa kukatiza wa asilimia 10. Mtaalamu aliyeitwa na Dow akaja na ya nne, ya kwake mwenyewe. Njia hizo hazikutoa jibu moja, na hataza haikusema itumike ipi.

Dow ilishitaki Marekani, katika jimbo la Delaware, mwaka 2005. Mwaka 2010 jopo la raia likaamua kwamba Nova imekiuka, ilipe dola milioni 61.8. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2012. Hapo wengi walidhani yamekwisha. Wakati huo kanuni ya Marekani ilikuwa laini sana: hataza ilihesabika haieleweki pale tu ambapo utata wake haufumbuki kwa namna yoyote. Ukileta mtaalamu akasema yeye ameelewa na anaweza kupima, unapita.

Kisha mwezi Juni 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi ya watu wengine kabisa, Nautilus na Biosig, kuhusu kifaa cha kupima mapigo ya moyo wakati wa mazoezi. Majaji wakasema kanuni ile laini haitoshi. Madai lazima yamweleze mtu wa fani, kwa uhakika unaoridhisha, mpaka wa uvumbuzi uko wapi. Wakati huo kesi ya Dow ilikuwa bado na mkia: mahakama ya chini ilikuwa imeiongezea Dow takriban dola milioni 30 kwa kipindi kilichofuata hukumu ya kwanza, mpaka hataza zilipomalizika muda Oktoba 2011. Nova ikakata rufani juu ya nyongeza hiyo, na Agosti 2015 mahakama ileile iliyokuwa imeikubali hataza mwaka 2012 ikaisoma upya kwa kanuni mpya. Ikasema kwamba kuwapo kwa mtaalamu mmoja anayejua njia ya kupima hakutoshi. Kama njia ni nyingi, majibu yanapishana, na hataza haielekezi ichukuliwe ipi, basi mshindani hana namna ya kujua amesimama ndani ya uzio au nje. Madai yakaanguka. Zile milioni 61.8 za kwanza hazikuguswa, kwa sababu hukumu yake ilishakuwa ya mwisho. Kwa hiyo hata ndani ya Marekani peke yake, hataza zilezile zilizaa fidia kwa miaka fulani na zikanyimwa kwa miaka iliyofuata.

Kanada ni habari nyingine. Hataza ni mali ya nchi iliyoitoa, haivuki mpaka, na jaji wa Kanada halazimiki kufuata alichosema jaji wa Marekani. Dow ilikuwa na hataza ya Kanada, ikashitaki huko kivyake, na mwaka 2014 Mahakama ya Shirikisho ikakubali kwamba hataza ni halali na Nova imeikiuka. Rufani nayo ikakubali. Kilichobaki kikawa hesabu ya fedha. Dow ilichagua kudai faida aliyoipata mkiukaji badala ya hasara yake yenyewe, nayo ikafikia takriban dola milioni 645 za Kanada.

Nakuomba utulie kidogo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu watu wengi wanaipita haraka. Nova ilijitetea kwamba isingetengeneza SURPASS, mitambo yake isingekaa bure, ingetengeneza plastiki ya ndoo na kreti na kupata faida huko. Kwa hiyo, ikasema, tutoe kwanza faida ya ndoo ambazo tungeuza. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa. Kinachoweza kutolewa kwenye hesabu ni mbadala unaosaidia kutenga ile sehemu ya faida iliyoletwa na uvumbuzi wenyewe. Mteja aliyekuja kutafuta nailoni ya kufungia mizigo hawezi kuondoka na kreti. Isitoshe, mahakama iliiongezea Dow faida ya miezi kadhaa baada ya hataza kwisha muda, kwa hoja kwamba Nova iliingia soko huria ikiwa tayari ina wateja iliowapata wakati wa kukiuka.

Ukiniuliza mimi, mahakama zote mbili zilikuwa na haki kwenye jambo zililoligusa. Anayevuna shamba la mwenzake hapaswi kubaki na mavuno. Lakini pia anayeweka mpaka wa shamba lazima aonyeshe vigingi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimekaa maabara muda mrefu na nimeona namba inavyoyumba. Kuna siku mafundi wawili waliniletea majibu ya kuvuta nailoni moja, kutoka roli moja, na yalipishana mno. Tulibishana nusu siku tukidhani mashine imeharibika. Mwisho tukagundua mmoja alikata vipande kwa urefu wa roli, upande nailoni inakotokea mashineni, na mwenzake alikata kwa upana. Wote walipima vizuri. Karatasi ya maelekezo tu ndiyo haikusema wakate vipi.

Na Dow haikuwa ya kwanza kuumia hivyo. Mwaka 2003 Honeywell ilipoteza kesi Marekani kuhusu nyuzi za poliesta zinazowekwa ndani ya matairi. Madai yake yalitaja namba inayotokana na joto la kuyeyuka la uzi. Ili uyeyushe uzi kwenye chombo kidogo cha kupimia inabidi kwanza uuandae, na maandalizi yalikuwa ya aina nne: kuuzungusha kama koili, kuukata vipande vidogo, kuukaza usisinyae, au kuuviringisha kama kidonge. Bidhaa ya mshindani ilikiuka kwa njia ya kidonge peke yake. Hataza haikutaja njia yoyote. Uzi mmoja, na kukiuka au kutokiuka kunategemea vidole vya fundi siku hiyo! Na hiyo ilikuwa chini ya ile kanuni laini ya zamani.

Kuna mtego mwingine wa jamii hiyo, nao utakuhusu ukitaka kutaja uzito wa molekuli. Kwenye plastiki molekuli hazilingani, ndefu na fupi zimo pamoja, kwa hiyo unataja wastani. Wastani upi? Chukua kitongoji chenye kaya 10. Tisa zina ng'ombe wawili wawili, moja ina ng'ombe 82. Jumla ni 100, gawa kwa kaya 10, wastani ni 10. Lakini zunguka uwaulize ng'ombe wenyewe, kila mmoja ataje zizi lake lina wangapi, kisha tafuta wastani wa majibu yao: unapata 67.6. Na ukiuliza idadi inayoonekana mara nyingi zaidi ni ipi, ni 2. Kitongoji ni kimoja, namba ni 10, 67.6 na 2, na hakuna iliyo ya uongo. Kesi ya Teva na Sandoz, kuhusu dawa ya Copaxone ambayo ni polima ya asidi amino, ilikwama hapohapo. Dai lilitaja uzito wa molekuli wa kilodaltoni 5 hadi 9 bila kusema wastani wa aina gani kati ya tatu. Ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2015, ikarudishwa chini, na mwezi Juni mwaka huohuo dai likatupwa kwa kutoeleweka.

Sasa nisikutishe ukadhani kwamba lazima ujue kila siri ya plastiki yako ndipo uandike. Hapana. Kiroba cha kubebea mahindi, kile cha sandarusi, ni polipropilini, na historia yake inasema kinyume. Juni 1951, huko Bartlesville, Oklahoma, Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips walikuwa wanatafuta namna ya kugeuza gesi ya propilini kuwa petroli. Wakaongeza kromia kwenye kichocheo chao cha nikeli, mtambo ukatoa kitu kigumu cheupe. Phillips ikawasilisha ombi la hataza tarehe 27 Januari 1953. Machi 1954, Milano, Giulio Natta naye akapata polipropilini ya kristali kwa kichocheo kilichotokana na kazi ya Karl Ziegler wa Ujerumani, na yeye ndiye aliyeeleza kwa undani jinsi molekuli zilivyojipanga. Yeye na Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Ofisi ya hataza ya Marekani ilizikutanisha kampuni tano zilizodai kuwa za kwanza, mwaka 1958. Kilichogombewa kiliandikwa kwa sentensi fupi sana: polipropilini iliyo ngumu katika hali ya kawaida, iliyoundwa hasa na vipande vya propilini vinavyojirudia, na yenye kiasi kikubwa cha polipropilini ya kristali. Muundo kidogo, sifa kidogo, basi. Mwaka 1971 ofisi ikampa ushindi Natta, yaani kampuni ya Montedison. Mwaka 1980 mahakama ya Delaware ikageuza, ikawapa Phillips, na rufani ikakubali. Hataza ya Phillips ikatoka Machi 1983, karibu miaka 32 baada ya kile kitu cheupe kuonekana. Hogan na Banks hawakuwa na elimu ya Natta juu ya mpangilio wa molekuli, lakini walikuwa wametengeneza kitu, wamekieleza, na wameweka tarehe. Nawapenda sana wale wawili kwa hilo.

Kwa hiyo, kwako wewe. Usidai "nailoni ngumu isiyopasuka", hilo ni tangazo la dukani. Na usibuni kipimo chako mwenyewe ikiwa kipo kinachotumika na kila maabara, kwa sababu kipimo cha kubuni ndicho kinachomtia jaji wasiwasi. Anza na muundo: polietilini ipi, uzito wake wa ujazo, MFI yake, na asilimia ya kila moja, kwa masafa, mfano kutoka ngapi hadi ngapi, na ndani ya masafa hayo taja uliyoijaribu kweli. Kisha sifa. Na kila sifa unayoiweka ndani ya dai, iandikie kwenye maelezo ilivyopimwa kana kwamba unamwelekeza fundi ambaye hutamwona kamwe: unene wa nailoni, umekata kwa urefu au upana wa roli, ukanda una upana gani, mashine ilivuta kwa kasi gani, chumba kilikuwa na joto gani, vipande vingapi ulivuta na ukachukua wastani upi. Kama mstari una tumbo na unatafuta mteremko wake, sema unauchukua wapi. Kiwango cha kimataifa kikiwapo, kitaje kwa namba yake na mwaka wake, maana viwango hubadilishwa.

Jambo ambalo huenda hutalipenda: kama mchanganyiko huohuo ulikuwa ukiuzwa tayari na mtu mwingine, kugundua sifa yake ambayo hakuna aliyewahi kuipima hakukufanyi mmiliki wake. Kwa hiyo tafuta roli mbili tatu za washindani wako, uzipime kwa njia ileile unayopimia ya kwako, na uweke majibu yake kwenye ombi hata kama yanakaribia ya kwako kuliko ulivyotarajia. Ni afadhali ujue sasa. Na tafadhali usiiuze nailoni mpya, wala usiipeleke Nane Nane kuionyesha, kabla ombi halijapokelewa, kwa sababu kuionyesha kwako mwenyewe kunaweza kuua upya wake.

Hataza ya BRELA, ofisi ya usajili ya Tanzania Bara, haitamzuia mtu wa Nairobi. Huko ofisi ya hataza ni KIPI, na Zanzibar ina sheria yake. Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja, kuna ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, makao yake Harare, ambayo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni wanachama. Lakini hilo linakuja baadaye. Wiki hii anza na daftari. Andika tarehe, andika uliyochanganya, na weka akiba kipande cha kila roli kwenye bahasha yenye namba, mahali pasipo na jua. Vuta vipande vitano kwa urefu na vitano kwa upana, kisha mpe mtu mwingine maelekezo yako kwa maandishi tu, bila wewe kuwapo, naye avute vyake. Namba zake zikikaribiana na zako, niletee rasimu ya madai tuisome pamoja.